Rachid Hakutoroka

Waliokuja kutuambia kwamba Rachid ametoroka jeshini walikuwa wawili, na hakuna kati yao aliyekubali kuketi. Mmoja alikuwa adjudan, askari wa cheo cha kati, mtu wa makamo aitwaye Herménégilde. Mwingine alikuwa dereva wake, naye alibaki mlangoni akitazama matope kwenye viatu vyake. Ilikuwa masika ya mwaka 2001, maji ya mashamba ya mpunga yamepanda mpaka kwenye vibaraza vya Buterere, pembezoni mwa Bujumbura. Mama mdogo, aliyemzaa Rachid, alimsogezea adjudan kiti. Adjudan akakitazama, akabaki wima, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu:

"Mama, mtoto wako ametoroka kazi, na bunduki ameenda nayo. Kama yuko humu, mutoe. Kama atakuja, utuambie."

Mama mdogo hakupiga kelele. Aliuliza, "Ametoroka wapi?"

"Kambini."

"Kambi gani?"

"Kambini," adjudan akarudia.

"Apana," alisema mama mdogo. "Mwanangu aliniaga hapa hapa unaposimama, akaniambia anavushwa ziwa. Mutu aliyevushwa ziwa anatorokaje kambi ya huku? Mulimpeleka Congo. Yuko wapi?"

"Jeshi letu halina mutu ng'ambo." Aliyasema haraka, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma sura aliyoikariri bila kuielewa.

"Basi mwanangu alivuka kwenda kuogelea?"

Dereva alicheka, kisha akajuta kucheka. Adjudan akageuka, wakaondoka, na gari lao likakwama kwenye matope mbele ya nyumba yetu. Vijana wa mtaa walisimama wakilitazama. Hakuna aliyelisukuma.

Mimi naitwa Khadidja. Mwanasiti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rachid, alikuwa mdogo wa mama yangu, na baada ya mama kufariki ndiye aliyenilea. Naandika habari zake kwa sababu watu wa Buterere bado wanazisimulia, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Hazihitaji chumvi.

Alizaliwa Rumonge, mji mdogo wa mawese na samaki kusini mwa ziwa, akaolewa huko na Huseni, fundi wa mashine za boti. Huseni alikufa kwa homa kabla ya vita. Vita ilipofika Rumonge, mama mdogo alipanda lori la mizigo na Rachid na mimi, tukashuka Bujumbura tukiwa na godoro moja na madumu mawili ya mawese. Buterere ndiko tulikopata nyumba, kwa kuwa ardhi inayofurika haigombaniwi na watu. Aliuza yale mawese, akatafuta mengine, na tangu hapo hiyo ikawa kazi yake. Barabara ya Rumonge ikiwa wazi, jamaa zake walimtumia madumu. Ikiwa na mabomu na waviziaji, alikaa sokoni mbele ya chupa tupu akigombana na kila anayepita, ili asisahaulike.

Alikuwa na mdomo. Lazima niliseme hilo, maana wengine siku hizi wanamfanya kama mtakatifu. Alimtukana mwenye nyumba, alimtukana shefu wa mtaa, aliwahi kumfukuza mke wa imamu kibarazani kwake kwa ajili ya kuku. Lakini Rachid alikuwa anamweza. Rachid alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye meno makubwa, na kitu kimoja tu duniani alikiogopa: vyura. Fikiria mtu anayeogopa vyura akaishi Buterere. Wakati wa mvua tulimsikia akipiga mayowe kwenye njia ya kwenda chooni, na mama mdogo akicheka hadi machozi yanamtoka, akimwambia, "Toka hapo, simba wangu, toka!"

Alikuwa anajifunza ufundi kwenye gereji moja ya Buyenzi. Mwaka 1998, siku moja mchana, alirudi akiwa amenyolewa kipara. Mama mdogo alimtazama akajua.

"Mi sikukuzaa ukaue watoto wa wenzangu," alimwambia.

"Mama, nikibaki hapa, askari wananiita muasi, waasi wananiita mpelelezi. Wiki hii wamenisimamisha mara ngapi? Nguo ya jeshi angalau ina rangi moja."

"Nguo ya jeshi ina rangi tatu, na zote ni za kujificha."

Rachid alicheka, akambusu mkono, akaenda. Mama mdogo alikataa kumtaja jina kwa miezi. Alipokuja likizo ya kwanza, alimtukana kwanza, halafu akampikia wali na samaki, halafu akamtukana tena wakati anakula. Hivyo ndivyo walivyosameheana.

Likizo ya mwisho ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 2000. Alikuwa amekonda, hacheki ovyo. Alituambia kwamba wanapandishwa meli bandarini, wamekatwa alama zote mabegani, na wanapelekwa kusini, ng'ambo, mahali panaitwa Moba.

"Wametukataza kusema kwa mutu," alisema.

"Mi si mutu. Mi ni mama yako."

"Ndiyo maana nimekuambia."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo mama mdogo pale adjudan alipokuja na neno lake la kutoroka. Na neno lile halikuwa aibu tu. Miaka ile, katika mtaa unaopakana na Kinama, walikojificha waasi, kijana aliyetoroka na bunduki maana yake ameingia porini kwa waasi, na nyumba yake ni nyumba ya waasi. Kabla ya jua kuzama, jirani mmoja alikuwa ameshahamishia mbuzi wake mbali na ukuta wetu, kusudi risasi zikija zisimkute. Shefu wa mtaa alikuja kutushauri tuhamie kwa jamaa.

"Nikihama," mama mdogo alimjibu, "nitakuwa nimekubali."

Alikwenda kambini kuuliza. Alifukuzwa getini. Alikwenda tena, akafukuzwa tena, mara ya tatu askari wa zamu akamwambia kwa Kirundi, polepole, karibu kwa huruma, kwamba akija tena atafungwa. Alirudi akaketi kibarazani na miguu ndani ya maji, hasemi na mtu. Mimi niliogopa ule ukimya kuliko mdomo wake wote.

Wiki iliyofuata alikuja msichana tusiyemjua, Mkristo, msalaba mdogo shingoni. Alijitambulisha kuwa ni Caritas wa Carama. Kaka yake, Anselme, alikuwa kikosi kimoja na Rachid, na amerudishwa.

"Amerudishwa vipi?" aliuliza mama mdogo.

"Bila mguu, mama. Anakuomba uje."

Tulikwenda siku ile ile, tukikatiza kwenye matuta ya mpunga. Nyumba ya akina Anselme ilikuwa pembezoni mwa Carama, imezungukwa na mihogo. Anselme alikuwa amelala kwenye mkeka, kijana wa umri wa Rachid, na mama yao, Epiphanie, alifunga madirisha yote kabla hatujaketi. Chumba kikawa giza na joto.

Anselme hakuzunguka. Alisema walikuwa kwenye mlima juu ya Moba, asubuhi, wamekwenda kisimani kuteka maji. Rachid alikuwa mbele kwa sababu Anselme alikuwa na malaria. Kombora lilianguka kwenye njia. Anselme alipoamka mguu wake haukuwepo, na Rachid alikuwa amelala ubavuni mwake, macho wazi, amekwisha.

"Alisema kitu?" mama mdogo aliuliza.

"Apana, mama. Hakupata nafasi. Dakika moja kabla alikuwa ananicheka kwamba natembea kama bibi harusi."

Mama mdogo aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo alilotaka kusikia. "Mumemuzika?"

"Sisi apana. Kulikuwa na mzee mmoja wa pale Moba, Muislamu, na majirani zake. Waliona jina lake limeandikwa ndani ya nguo wakasema huyu ni mwenzetu. Walimuosha, wakamvika sanda, wakasoma. Mi nilikuwa nimelazwa kwenye machela, niliona. Nilivua kofia."

"Kwa nini hawakumleta kwa boti iliyokuleta wewe?"

Anselme alitazama ukuta. "Komanda alisema mtu mwenye mguu mmoja anaweza kuambiwa anyamaze. Jeneza linauliza maswali."

Hapo ndipo Epiphanie alipomshika mama mdogo mikono. Alikuwa analia kwa hofu tupu. "Mama Rachid, nakuomba kwa jina la Mungu. Ukisema ni huyu aliyekuambia, watakuja kumaliza kilichobaki."

"Sitamtaja," alisema mama mdogo. "Naapa kwa mwanangu."

Alilia njiani, kwenye matuta, mahali pasipo na nyumba. Alilia kwa sauti kubwa, akipiga maji ya mpunga kwa viganja, na wanawake waliokuwa wanapalilia walisimama wakamwacha. Kisha alinawa uso kwa maji yale yale, akajifunga khanga upya, akasema, "Twende kwa sheikh."

Sheikh Akilimali alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo, imamu wa msikiti wetu wa matofali ya udongo. Mama mdogo alimtaka aswalishe swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti aliyefia mbali asiyeweza kuletwa mbele ya safu. Sheikh alikubali mara moja, akamwombea Rachid rehema. Lakini mama mdogo alikuwa na sharti.

"Useme alikofia."

Sheikh akavua miwani. "Mwanasiti, tumswalie tu. Mungu anajua alikofia."

"Mungu anajua. Majirani hawajui."

"Wataniuliza nimejuaje."

"Waambie mama yake kakuambia. Ni uongo?"

"Si uongo. Lakini mimi nina watoto, una habari? Msikiti huu wanaweza kuubomoa kwa mateke tu."

"Na mimi nilikuwa na mtoto, sheikh. Wamemuua mara mbili. Ya kwanza alimuua adui, sina la kusema, alikwenda na bunduki na yeye. Ya pili wamemuua wao kwa neno hili la kutoroka. Hiyo sikubali. Usiposema wewe, nitasema mimi, katikati ya hotuba yako, na sauti yangu unaijua."

Aliijua. Mtaa mzima uliijua.

Habari zilitembea kabla ya Ijumaa. Msikiti ulijaa kuliko siku ya Idi, wengine wamekuja kuswali, wengine kuona. Adjudan Herménégilde naye alikuja, akasimama nje, upande wa barabara, na askari wawili. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Mama mdogo alikaa safu ya mbele kabisa, na niliona vidole vyake vya mguu vimejikunja kwenye mkeka.

Baada ya swala ya Ijumaa, Sheikh Akilimali alisimama. Alikohoa. Alisema, "Ndugu zangu, tutamswalia maiti wa ghaibu, Rachid wa Huseni, kijana wetu." Kisha akanyamaza. Tulisikia redio ya askari ikikwaruza huko nje. Mama mdogo alivuta pumzi ndefu, na mimi nikamshika kanzu, maana nilijua kitakachofuata.

Lakini hakuhitaji. Ile sauti ndogo ya sheikh ilipanda, ikawa kubwa kwa namna ambayo hatukuwahi kuisikia, hata ikapasuka. "Amefia Moba, nchi ya Congo! Alipelekwa huko akiwa askari wa nchi hii. Hakutoroka. Anayesema ametoroka amemsingizia maiti, na maiti huyo atamdai mbele ya Mwenyezi Mungu. Nyosheni safu. Allahu akbar."

Na watu wakanyosha safu. Jirani yetu wa mbuzi alikuwa safu ya pili. Wapagazi wa soko, mafundi kutoka Buyenzi waliomjua Rachid gereji, wazee wasiopenda mdomo wa mama mdogo, wote walisimama bega kwa bega wakamwombea. Wakristo wa mtaa walikuwa wamesimama barabarani, wamevua kofia, kati ya msikiti na wale askari. Sijui kama walipanga kusimama pale. Askari wasingeweza kuingia bila kuwasukuma.

Walimngojea mama mdogo atoke. Adjudan akamshika mkono. Yeye akauvuta mkono wake akasema, "Usinishike, gari nitapanda mwenyewe." Na kweli alipanda mwenyewe, akaketi mbele, mahali pa adjudan, ikabidi wamwombe ahamie nyuma.

Walimweka kwenye chumba mjini, mahali ambapo sitapataja. Walichotaka kujua ni kimoja tu: nani kamwambia. Aliwajibu, "Nimezaa mimi, nimejua mimi." Walimpiga. Aliwajibu vilevile. Wakamwambia ataje jina moja tu, arudi nyumbani. Akawaambia, "Jina ninalo. Rachid. Liandikeni hilo, na muandike Moba."

Huku nyumbani sikukaa peke yangu. Wanawake walikuja na mikeka yao, hata wale waliokuwa hawasemi naye. Mke wa imamu, yule wa kuku, alipika sufuria kubwa ya maharage akaibeba kichwani mpaka mjini, akaketi nje ya ile nyumba alimofungiwa. Wengine wakamfuata. Walipoulizwa wanataka nini, walisema wamemletea mwenzao chakula. Kesho yake walikuwa wengi zaidi, na kila mmoja ana sufuria. Watu wa mjini walianza kuuliza kuna nini hapo, na jibu lilikuwa ni lile lile lisilotakiwa kusemwa: mtoto wake amefia Moba. Nadhani walimwachia kwa sababu ya masufuria. Kumfunga kulikuwa kunalitangaza neno kuliko kumwachia.

Alirudi shavu limevimba, hana mtandio. Kitu cha kwanza alichoniambia, kabla ya kunywa maji, kilikuwa, "Yule wa Carama hawajamjua." Kisha akaenda sokoni na ule uso wake, akapanga chupa za mawese. Nilimwomba apumzike. Alisema, "Nikijifungia ndani watasema nimejifunza."

Basi wakaanza kuja watu. Mwanzoni mmoja mmoja. Mama kutoka mashambani aliyeambiwa mwanawe ametoroka. Baba aliyeambiwa mwanawe amezama mtoni wakati wa mazoezi. Siku moja gari dogo jeupe lilisimama ukingoni mwa matope, akashuka mwanamke aliyevaa viatu vya ngozi, akavivua, akavishika mkononi, akatembea pekupeku mpaka kwetu. Alikuwa Adélaïde wa Mutanga Sud, mtaa wa wakubwa wa serikali na jeshi, naye mtumishi wa serikali, mke wa mtu mkubwa. Mwanawe aliitwa Maxime, askari aliyevushwa ziwa naye, asisikike tena.

Mama mdogo hakumkaribisha vizuri. Miaka ile mtu wa Mutanga Sud kuja Buterere haikuwa safari ndogo, na damu nyingi ilikuwa imemwagika kati ya watu wake na watu wa mitaa ya huku. "Kwenu wana majenerali," alimwambia. "Umekosa wa kumuuliza?"

"Nimewauliza wote," Adélaïde alijibu. "Wanakuja kwangu kula, wananiambia nivumilie. Hakuna aliyethubutu kuniambia mahali. Nimesikia kuna mwanamke Buterere anapasema kwa mdomo. Nimekuja nimwone."

Mama mdogo alimtazama miguu yake yenye matope. Kisha akamsogezea kiti. Adélaïde akaketi. Hawakuwa marafiki, wala sitaki kusema uongo kwamba waligeuka ndugu. Waligombana juu ya siasa kila walipokutana, na waligombana kwa sauti. Lakini kuanzia hapo, Jumatatu kwa Jumatatu, walikwenda pamoja kwenye geti la ile kambi, mmoja na viatu vya ngozi na mwingine na kandambili, na nyuma yao wale wengine. Walisimama, wakataja majina ya watoto na majina ya miji ya Congo, wakaondoka. Askari wa getini waliambiwa wawapige. Mara moja walipigwa. Jumatatu iliyofuata walirudi.

Mwishoni mwa mwaka 2002 vikosi vilianza kurudi kutoka ng'ambo. Wapagazi wa bandarini waliwaona wakishuka kwa mamia, mchana kweupe, na ule usemi kwamba jeshi halina mtu Congo ukawa kichekesho cha sokoni. Sisi tulidhani sasa watu wa jeshi watakuja kukiri. Hawakuja. Mama mdogo aliendelea kwenda getini.

Walikuja mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi. Safari hii ilikuwa ni luteni kijana sana, amenyoa vizuri, amebeba kofia kwapani. Aliketi alipoambiwa aketi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ametumwa kumpa mama pole, kwamba kaporali Rachid alikufa akiwa kazini, ng'ambo ya ziwa, na kwamba lile neno la kwanza lilikuwa kosa.

Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Aliyekutangulia alisimama hapo mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Wewe unaninong'oneza. Toka nje, useme kama alivyosema yeye."

Luteni aligeuka akanitazama, kama vile mimi ningeweza kumwokoa. "Mama, mi nimetumwa kukuambia wewe."

"Mi nilijua kabla yako. Si mimi wa kuambiwa."

Luteni aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka kibarazani. Watu walikuwa wameshakusanyika, maana gari la jeshi halifiki Buterere bila kukusanya watu. Alisimama wima kama wanavyosimama mbele ya bendera, akasema, kwanza kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba Rachid wa Huseni hakutoroka, alikufa Moba, Congo, akiwa askari. Sauti yake ilifika nyumba ya tatu. Shefu wa mtaa alikuwepo. Jirani wa mbuzi alikuwepo. Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume walivua kofia, na bibi mmoja akasoma Fatiha kwa sauti.

Mama mdogo hakulia wala hakumshukuru. Alimpa maji ya kunywa, akamngoja amalize kikombe.

"Sasa unajua njia ya Mutanga Sud?" alimuuliza.

"Naijua, mama."

"Kuna mama Maxime pale, naye bado anangoja kuambiwa mwanawe alikofia. Nyumba yake ina geti refu, utalipigia honi. Usiseme naye sebuleni. Mutoe barabarani, useme huko huko, wale majenerali wasikie." Akachukua mtandio wake msumarini. "Ngoja, twende wote. Nikikuacha peke yako utanong'ona tena."